Pakia kwa Ajili ya Saa ya Kuchelewa: Begi la Mkazi wa Makadara Anayekwenda Mlimani



Siku hizi si ajabu Jumamosi alfajiri kuona matatu ya kukodi ikisubiri abiria kando ya Barabara ya Jogoo. Abiria wenyewe si wa kwenda kazini. Ni chama cha akina mama kutoka Jericho, vijana wa kanisa kutoka Mbotela, wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Viwandani, au marafiki tu wa ploti moja. Wanakwenda Ngong, Longonot au Kilimambogo kupanda mlima na kurudi siku hiyohiyo. Ni jambo jema. Miguu inapata kazi, kifua kinapata hewa safi, na gharama yake haizidi ya sherehe nyingi za mwisho wa wiki.

Lakini mlima wa siku moja una hila yake. Kwa kuwa ni wa siku moja, watu huuchukulia kama matembezi ya kwenda Uhuru Park. Mtu huondoka nyumbani na chupa moja ndogo ya maji, simu yenye chaji nusu na raba za kupigia picha. Mambo yakienda vizuri, anarudi salama na hajui kwamba alikuwa na bahati tu. Mambo yakienda vibaya, anagundua kwamba alijiandaa kwa safari ya kufika, hakujiandaa kwa safari ya kuchelewa.

Hilo ndilo la kushikwa katika mazungumzo haya: begi la mlimani hupakiwa kwa ajili ya ile saa ambayo mambo yameharibika.

Mfano wa kikundi kimoja

Chukulia kikundi cha watu 25 kutoka Maringo. Si kikundi halisi, ila yaliyomkuta yeyote aliyewahi kupanda mlima na wengi atayatambua. Walipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Matatu ikaondoka saa mbili, kwa sababu watu watatu walikuwa "wako njiani." Wakafika lango la Longonot karibu saa tano, jua likiwa tayari kali.

Mlima Longonot una urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni takribani kilomita tatu za kupanda, na kuuzunguka ukingo huo ni kilomita saba hivi, za kupanda na kushuka. Ukijumlisha na kurudi langoni, unapata zaidi ya kilomita 13. Njia ina vumbi laini la volkano linaloteleza, na sehemu kubwa ya ukingo haina kivuli. Huko juu hakuna duka, hakuna bomba, hakuna mto. Na hakuna gari linaloweza kumfuata mtu aliyeumia.

Kikundi kikaacha katoni za chakula, majaketi na maji ya akiba kwenye matatu ili watembee wepesi. Sanduku la huduma ya kwanza akalibeba kiongozi, ambaye ni mwepesi na alikuwa mbele. Saa tisa alasiri, upande wa mbali wa ukingo, dada mmoja akateguka kifundo cha mguu. Aliokuwa nao walikuwa watatu, na maji waliyobaki nayo hayakufika nusu lita. Kiongozi alikuwa mbele kwa mwendo wa dakika arobaini. Simu moja ilikuwa imezima kwa kupiga video. Upepo ukaanza kuvuma, na jasho lililokuwa limelowesha fulana likageuka baridi.

Ni nini kilichokosekana? Pesa zilikuwapo, maana vitu vilinunuliwa. Vyote vilikuwa kwenye matatu au kwenye begi la mtu mwingine. Kanuni ya kwanza basi ni hii: kila mtu abebe vyake, mgongoni mwake. Kikundi hutawanyika mlimani. Wepesi hutangulia na wazito hubaki nyuma, na ajali haichagui kumpata aliye karibu na sanduku la dawa.

Orodha ya zamani, kwa mazingira ya hapa

Chama cha wapanda milima kiitwacho The Mountaineers, cha mjini Seattle nchini Marekani, kilianza kuwafundisha wanafunzi wake orodha ya vitu kumi vya lazima katika miaka ya 1930. Orodha hiyo imebadilishwa mara kadhaa, lakini maswali yake mawili hayajabadilika. Je, mtu anaweza kukabiliana na dharura kwa alivyo navyo? Na je, akilazimika kulala nje usiku mmoja, atafika asubuhi akiwa hai? Mkazi wa Makadara hahitaji duka la vifaa vya kigeni ili kuyajibu. Vingi vya kujibia viko nyumbani.

Maji. Kwa mlima wa saa tano au sita kwenye jua, mtu mzima abebe lita tatu. Hesabu yake ni nyepesi: nusu lita kwa kila saa, na kidogo cha akiba. Lita tatu ni kilo tatu, na huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote begini. Usiupunguze. Kumbuka pia kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji za kawaida, sahani, vikombe na mirija, zimepigwa marufuku katika hifadhi za wanyama, misitu na maeneo mengine yaliyolindwa. Beba maji katika chupa ngumu ya kutumika tena na tena. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa safari, kwa kuwa kiu ikishabana mwili umekwisha kupungukiwa. Pakiti moja au mbili za ORS kutoka kwa duka la dawa hazina uzito wowote, na humsaidia aliyetoka jasho jingi, aliyetapika au aliyeharisha.

Chakula. Hakuna haja ya vyakula vya pakiti za bei ghali. Chapati mbili, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi na njugu karanga humtosha mtu kwa siku. Ongeza mlo mmoja mdogo ambao hutarajii kuula. Ukirudi nao nyumbani, hujapoteza kitu. Ukichelewa mlimani, ndio utakaokupa nguvu ya kushuka.

Nguo za baridi na mvua. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mitaa ya Makadara iko kati ya mita 1,600 na 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Maana yake, hata kabla ya kuhesabu upepo, kilele cha Ngong ni baridi kuliko Makadara kwa nyuzi tano hivi, na kilele cha Longonot kwa takribani saba. Na upepo wa Ngong haupuuzwi: ndio unaozungusha ile mitambo mirefu ya umeme iliyopangwa juu ya vilima. Beba sweta ya sufi au ya flisi, koti la mvua lisilopitisha maji, na kofia ya kufunika masikio. Suruali ya jinzi haifai, kwa sababu ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti, na haikauki. Fulana ya pamba iliyolowa jasho hunyonya joto la mwili upepo ukivuma. Beba ya pili, kavu, ubadilishe kileleni.

Leso ni kitu ambacho nyumba nyingi zinacho na wapandaji wengi hukisahau. Ni kivuli wakati wa jua, ni shuka wakati wa baridi, na ni kitambaa cha kuning'iniza mkono uliovunjika. Iwekwe begini, hata na wanaume.

Viatu. Kiatu kizuri cha mlimani kinaweza kupatikana Gikomba kwa bei ya mkazi wa kawaida. Lakini kiatu cha mitumba kichunguzwe. Kipinde kwa mikono miwili: soli ikipasuka au ikianza kuachana na kiatu, kiache hapohapo. Viatu vilivyokaa miaka mingi kwenye stoo, hata kama havikuvaliwa, soli yake huweza kuoza ndani na kubanduka siku ya kwanza ya kazi. Soli iwe na meno. Nafasi ya mbele itoshe kidole kimoja, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vya miguu husukumwa mbele. Kivae wiki mbili ukitembea mtaani kabla ya safari. Beba soksi za pili, na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Soli ikibanduka, mpira huo ukifungwa vizuri utakufikisha langoni.

Tochi. Kenya iko kwenye ikweta, na jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Baada ya hapo giza huingia kwa haraka, bila ile jioni ndefu ya nchi za mbali. Tochi ya simu si tochi ya mlimani. Inamaliza chaji ya chombo kilekile unachokitegemea kuomba msaada, na inakunyima mkono mmoja. Tochi ndogo ya kuvaa kichwani yenye betri mpya ndiyo inayofaa, hata kama mpango ni kurudi saa nane mchana.

Filimbi. Refa pale Camp Toyoyo husikika na wachezaji wote 22 kwa filimbi, wala hapigi kelele. Sauti ya mtu huisha baada ya kuita kwa muda mfupi, lakini filimbi hulia muda mrefu kama kuna pumzi. Mipigo mitatu, pumziko, kisha mitatu tena, ni ishara ya kuomba msaada. Kikundi kizima kikubaliane hivyo kabla ya kuondoka.

Dawa na huduma ya kwanza. Pakiti ndogo ya mtu mmoja iwe na bandeji ya kukaza, plasta, shashi safi, glavu, na dawa ya maumivu anayoijua. Muhimu zaidi ni dawa zake mwenyewe. Mwenye pumu abebe inhela yake mfukoni, isiwe chini ya begi. Mwenye kisukari abebe dawa na kitu kitamu. Anayezimia au anayetumia dawa za shinikizo la damu amweleze angalau mwenzake mmoja, na aandike kwenye karatasi jina lake, ugonjwa wake na nambari ya ndugu wa kupigiwa. Wanawake wakumbuke sodo, na kila mtu abebe tishu.

Simu na karatasi. Simu iwe imejaa chaji usiku wa kuamkia safari, na pawabenki pia. Pakua ramani ya eneo kabla ya kuondoka, kwa kuwa mtandao hupotea mabondeni. Mahali pasipo na mtandao, izime au iweke kwenye hali ya ndege ili isimalize betri ikiutafuta. Nambari za dharura ni 999 na 112, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Ziandike kwenye karatasi pia. Beba kitambulisho, na fedha taslimu za nauli, kwa sababu matatu ya mwisho haingoji mtandao wa malipo urudi. Malipo ya kuingia hifadhi za KWS hufanywa kupitia eCitizen, na ni vyema yafanywe mapema nyumbani, ili saa ya baridi ya asubuhi isipotee langoni.

Kiberiti kimo katika orodha ya Marekani, lakini hapa kiachwe nyumbani. Nyasi za hifadhi hushika moto haraka. Machi 2009 moto uliteketeza sehemu ya Longonot, na wanyama na mimea ikalipa gharama. Badala ya moto, nguo kavu.

Kitu kisicho na uzito

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo begini lakini lazima kibebwe, nacho ni habari.

Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walifariki katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla. Mwanzoni mwa Septemba 2019, mafuriko mengine yaliua watembeaji katika korongo lilelile, na KWS ikalifunga. Korongo la aina hiyo huweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha mbali, juu, mahali ambapo aliye ndani haoni. Anga juu ya kichwa chake inaweza kuwa bado na jua. Hakuna koti la mvua wala chupa ya maji ambayo ingeweza kumsaidia mtu katika dakika hizo. Ambacho kingesaidia ni kutokuwa pale.

Kwa hiyo, usiku kabla ya safari, soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwa eneo unalokwenda na maeneo ya juu yake. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, makorongo yaepukwe. Juu ya vilima vya Ngong, radi ikianza kusikika, shuka mgongoni mwa kilima, wala usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Uliza walinzi langoni kuhusu njia, wanyama na usalama, na ufuate wanachosema. Ngong, walinzi wa Huduma ya Misitu wanaweza kuombwa kusindikiza kikundi kwa ada, na ni busara kufanya hivyo. Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, ni makao ya nyati, na kuna sehemu ambazo haziendeki kwa miguu bila mlinzi. Wengi hupanda huko kuona kaburi la William Northrup McMillan, ambaye maktaba ya Nairobi yenye matawi Kaloleni na Makadara imebeba jina lake. Kaburi halikimbii. Kama mlinzi amesema leo haiwezekani, litakuwapo Jumamosi nyingine.

Mwachie habari pia aliyebaki nyumbani. Mke, mume, jirani au keateka wa ploti ajue mambo manne: mlima gani, na nani, gari gani, na saa ya kurudi. Kisha ajue la tano: ikifika saa fulani hujapiga simu, ampigie nani.

Saa ya kugeuka

Kikundi kikubaliane saa ya kugeuka kabla ya kuanza kupanda. Saa hiyo ikifika, watu wanageuka, hata kama kilele kinaonekana. Hifadhi za KWS hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kushuka kwa miguu iliyochoka si haraka kama inavyodhaniwa. Aliye mzito zaidi ndiye anayepanga mwendo wa wote, na mtu mmoja mwenye nguvu abaki nyuma kabisa, asimpite yeyote. Mwenda pole hajikwai, na anayesubiriwa hapotei.

Sasa rudi kwa yule dada aliyeteguka kifundo upande wa mbali wa Longonot. Mpe begi lake mwenyewe. Ndani mna lita moja na nusu ya maji, fulana kavu, sweta, koti, bandeji, leso, chapati moja, tochi na filimbi. Wenzake watatu wana vilevile. Wanamkalisha, wanafunga kifundo, wanamvika nguo kavu, wanapiga filimbi. Aliye mbele anasikia, anarudi. Simu inapigwa langoni. Wanaanza kushuka polepole, wakimshika kwa zamu, na giza likiingia kila mmoja ana mwanga kichwani. Ni siku mbaya, lakini inaishia nyumbani Maringo, na mguu umewekwa juu ya kiti.

Mzigo wote huo, pamoja na maji, ni takribani kilo sita tu. Mama anayetoka sokoni Burma hubeba zaidi ya hapo bila kulalamika.

Ijumaa jioni, kabla ya kulala, panga vitu vyote juu ya kitanda: maji, chakula, nguo kavu, koti, leso, soksi, tochi, filimbi, dawa, simu na pawabenki, karatasi ya nambari, kitambulisho na nauli. Watoto wanaokwenda wapangiwe vyao hivyohivyo, katika begi dogo lao, wakiwa na filimbi shingoni. Kisha beba begi, zunguka nalo ploti mara mbili. Likikuumiza bega, rekebisha kamba leo, si kesho mlimani. Na uchafu wote utakaotoka begini, urudi begini hadi nyumbani.

Tahadhari ni kabla ya hatari. Milima iko wazi kwa kila mkazi wa Nairobi, tajiri na maskini, kijana na mzee. Nendeni, mpande, mfurahie. Kila mmoja na begi lake mgongoni.